Damu ya Mzee

Saa kumi na mbili kasorobo. Ukungu umelala juu ya Mto Tambo
kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa,
nami nimeketi ndani ya mashua ya alumini, injini kimya,
pakiti saba za chambo cha plastiki magotini,
na zote, kwa macho yangu, ni tope.

Ndivyo nilivyozaliwa: nyekundu na kijani
kwangu ni Kulwa na Doto.
Daktari wa macho kule Bairnsdale alinifungulia kitabu cha vitone,
akaniuliza naona tarakimu gani.
Nikasema naona vitone.

Na changu mweusi ni mteuzi, na mteuzi haishi tamaa.
Ataufuata mkia wa plastiki toka nguzo hadi nguzo,
ataugusa kwa mdomo kama mtu anayeonja uji wa moto,
kisha atageuka, arudi kutafuna kome wake.
Jirani yangu, Col Draper, huapa kwamba kosa ni la rangi tu:
maji maangavu, rangi ya kamba mbichi;
mawingu, kahawia yenye vimetameta;
na mto ukishuka na magome ya mikaratusi,
maji yakawa chai ya rangi,
hapo mpe damu ya mzee, usimpe kingine.
Col huyasema haya kama anasoma hati ya shamba.
Sikuwahi kumwambia kwamba sioni.

Tegan alikuwa macho yangu.
Tangu darasa la pili, kila Ijumaa, meza ya jikoni,
alimwaga pakiti, akaziandika kwa kalamu ya wino mzito:
MANJANO. ZAMBARAU. HII MBAYA LAKINI INANG'AA.
Sasa ni muuguzi Perth, zamu ya usiku,
na pakiti mpya zimekuja bila mwandiko wake.

Nampigia. Kwao bado saa kumi.
"Inua. Sogeza. Hapana, hicho ni kidole chako.
Hii kijani cha chupa. Hii maji ya kunde.
Hii sijui, kama ugoro.
Hii, ngoja, hii damu ya mzee."
"Mzee gani?"
"Kwani tuna wangapi?"

Naivisha ndoana yenye kichwa cha risasi,
mnyoo laini, mkia mwembamba kuliko njiti ya kiberiti.
Tegan ananyamaza. Nyuma yake nasikia
mashine ya mtu fulani ikihesabu.
"Baba. Ule mwaka uliponikatalia kambi ya shule,
nilibadilisha majina yote. Kiangazi kizima.
Manjano niliiandika nyeusi. Nyeusi nikaiandika waridi."

Kiangazi kile!
Ndicho cha changu wa kilo moja na robo tatu,
yule Col alimpiga picha, akasoma pakiti yangu begani,
akanunua sita za jina lile lile
na hakupata hata gamba.

Nacheka hadi mashua inayumba.
Mwari juu ya gati ananikazia macho kama karani wa benki.
"Umekasirika?"
"Namfikiria Col."

Natupa. Mnyoo unazama polepole kando ya nguzo ya tatu,
uzi umelegea,
umelegea,
haujalegea.

Anavutia kwenye kome, ananusurika kukata, anakosa,
anapanda akinilaani.
"Nionyeshe!"
Namwinua mbele ya simu, lakini mtandao umevunjika vipande,
uso wa Tegan umeganda, mdomo wazi,
imebaki sauti peke yake:
"Sikuoni. Ana rangi gani?"

Miaka hamsini na nane, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi.

Namtazama samaki vizuri.
Mgongo: sufuria iliyosahauliwa motoni.
Ubavu: sarafu mpya. Hapana,
sarafu iliyokaa sana kwenye mfuko wa mtu mmoja.
Mapezi, subiri, Tegan, una kalamu?
Andika.